Nguo za Asha Mlangoni

Zilianza nguo. Asha, mtoto wa miaka sita ambaye hakuwahi kukunja hata leso tangu azaliwe, saa saba mchana siku ya Jumatatu alikunja nguo zake zote, akazipanga karibu na mlango wa mbele, na viatu akaviweka juu yake. Amida, mama yake, alicheka, akazirudisha kabatini. Kesho yake king'ora cha kampuni kilipolia saa ileile, nguo zilikuwa mlangoni tena.

"Unaenda wapi, mama?" Amida alimtania.

"Mi sijui. Ule mama ya funguo njo atasema."

Kicheko kilimkauka mdomoni. Mama wa funguo alimjua. Alikuwa amemficha moyoni miezi mitano, na alidhani amemwacha Ulaya.

Mwaka uliotangulia, mumewe Abibu, fundi umeme wa kampuni ya shaba, alipelekwa Ubelgiji kujifunza mashine mpya, naye akaenda na mke na mtoto. Jumapili moja, kabla ya kurudi Lubumbashi, aliwapandisha gari-moshi kwenda kutembelea jumba la zamani la wafalme. Watu wa mtaani kwetu Bel-Air watatuuliza tuliona nini, alisema, na yeye hakutaka kuwajibu kwamba waliona baridi tu.

Vyumba vya jumba lile havikuwa na mwisho, na viti vyote vilizungushiwa kamba, marufuku kukaa. Abibu alitangulia na kiongozi, shingo juu, akistaajabia taa. Amida alibaki nyuma na Asha mgongoni, amevaa koti zito, mtoto akilia tangu asubuhi. Walipofika kwenye chumba cha kitanda cha mfalme, Asha akajikojolea. Mkojo ukapita mgongoni kwa mama yake, ukadondoka juu ya mbao zinazong'aa. Wazungu waligeuka. Mmoja aliziba pua. Amida alitamani sakafu ifunguke immeze.

Ndipo alipotokea mwanamke wa kizungu mwenye gauni jeusi na funguo nyingi kiunoni. Alipiga magoti, akafuta sakafu. Alinuka mshumaa uliozimwa sasa hivi. Kisha akainua macho, akamtazama Asha.

"Mutoto muzuri," alisema. "Ni wa nani?"

"Ni wako," alijibu Amida, kama sisi sote tunavyojibu mtu akitusifia mtoto. Ni adabu tu. Nani anatazamia mgeni amfunge mtoto kwenye mzigo wake aondoke naye? Walipokuwa ndani ya gari-moshi wakirudi ndipo Amida alipojiuliza mzungu yule amejifunza wapi Kiswahili cha Kasongo, tena kwa sauti ya bibi yake Amida aliyekufa zamani. Hakumwambia Abibu. Na kulikuwa na jambo jingine la chumba kile ambalo hata yeye mwenyewe hakupenda kulikumbuka.

Sasa nguo zilikuwa mlangoni kila siku. Asha alikataa kukaa kitini. Alikula amesimama, mikono yake baridi kama maji ya mtungi, na akiulizwa alisema viti vya hapa si vyake tena. Siku ya Alhamisi Amida alikuwa jikoni anasonga bukari, jua limesimama juu ya bati, umeme unawaka, hakuna mshumaa hata mmoja katika nyumba nzima, alipoinusa harufu ile, na nyuma yake akasikia funguo zikigongana taratibu, sebuleni kwanza, halafu kwenye ujia wa ndani, halafu chumbani kwake, zikisimama kidogo kila mlangoni na kuendelea, kama mtu anayetembezwa kwenye nyumba ya watu kuangalia wanavyoishi, hadi ziliponyamaza karibu na mlango wa mbele, na sauti ya mwanawe ikasema, kwa heshima zote, "Ndiyo, mama. Bado viatu tu."

Ugali uliungulia sufuriani. Jioni ile Amida alimweleza mumewe. Alimweleza nusu.

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, Abibu alimleta Mwalimu Asani, fundi wa nguo mwenye kikohozi, aliyekuja na futi yake ya kupimia ingali shingoni. Alichoma ubani, akasoma juu ya bakuli la maji, akamnyunyizia mtoto. Ubani ulifuka, lakini nyumba ilinuka mshumaa. Asha akafungua kinywa, na kwa sauti ya yule bibi wa Kasongo akasema:

"Mi siko mwizi. Balinipa."

Abibu alirudi nyuma mpaka ukutani. Mwalimu aliweka bakuli chini.

"Mama Asha," alinong'ona, "mwizi naweza kumufukuza. Mwenye alipewa, siwezi. Ule alitoa njo anaweza kurudisha neno. Useme yote sawa vile ulisema kule, na mutoto asikie."

"Lakini alisema heshima tu!" Abibu alidakia. "Si ni vile, Amida?"

"Ni vile," Amida alisema. "Heshima tu."

Asha alicheka, cheko la mtu mzima, na funguo zikalia karibu sana, kama zimetikiswa kwenye sikio la Amida. Mtoto aliinuka, akavaa kiatu cha kushoto. Akashika cha kulia.

"Mungoje!" Amida alipiga magoti mbele yake. Hakumtazama mume. Alitazama yale macho madogo, na alijua kwamba mle ndani, nyuma ya mgeni, mwanawe anasikiliza. "Aliniuliza, 'Kweli?' Mi nikasema, 'Kweli. Umubebe. Minachoka naye.' Akauliza tena, 'Kweli?' Nikasema, 'Kweli.' Haikukuwa heshima, Mwalimu. Ile saa nilitaka aende. Nilisema na roho yote." Machozi yalimshuka mpaka shingoni. "Leo narudisha neno. Asha ni wangu. Siwezi kumutoa."

Kiatu kilianguka. Mlango ulifunguka wenyewe, funguo zikapita kizingitini, zikashuka uani, zikapotea kwenye kelele za barabara. Asha alilala palepale sakafuni, na mikono yake ikapata joto. Mwalimu alimshukuru Mungu, akakohoa, akaenda kwenye cherehani yake. Abibu alizirudisha nguo kabatini, moja moja, akimpa mkewe mgongo.

Asubuhi Asha alikaa kitini. Alikunywa chai, akala mkate wote, na Amida akaanza kupumua.

"Asanti kwa chai," mtoto alisema. Aliosha kikombe chake mwenyewe, akakifuta, akakiweka mahali pake.

Baadaye Amida alikuwa chumbani anatandika kitanda. Mlango ulikuwa wazi. Asha alisimama nje ya kizingiti, miguu pamoja, mikono nyuma.

"Hodi," alisema.

Katika nyumba ile hakuwahi kupiga hodi. Amida aliliachia shuka.

"Ingia, mama. Juu ya nini unapiga hodi? Hapa ni kwenu."

Asha hakuingia. Alimtazama mama yake bila hasira, akamuuliza kwa upole:

"Kweli?"