Kibati cha Nyuma

Kilichomshtua fundi kwanza ni ukimya. Mpwa wake walimwita Kasuku, maana mtoto yule aliongea mpaka usingizini, na mjomba mtu hupokewa kwa maswali kabla hajavua viatu. Leo alivua viatu, akaketi, akanywa maji, na hakuulizwa lolote. Kasuku alikuwa kitini mbele ya kompyuta, macho makavu, midomo imefumba.

"Tangu ulipotuletea mashine uliyoiunda," dada yake alinong'ona. "Hali, hasemi. Na hiyo kompyuta, mdogo wangu, inapumua."

"Dada nawe! Hiyo si feni?"

"Feni gani, na umeme umekatika tangu asubuhi?"

Fundi akasogea. Harufu zote za kompyuta alizijua kwa pua, lakini hii ya nywele zilizoungua haikuwamo. Akaligeuza kasha.

Nyuma palikuwa wazi. Kile kibati chenye matundu ya kuchomekea nyaya hubanwa kwanza, ndipo madabodi, ule ubao mkuu wa mashine, huingia. Yeye alikikumbuka baada ya kukaza skrubu ya mwisho, akaona uvivu kufungua upya. Nani huangalia nyuma ya kompyuta? Akakitia mfukoni. Na kasha lenyewe alilitoa kwenye nyumba iliyohamwa ghafla, limefungwa kamba pande zote. Alizikata huku anacheka. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Pale penye uwazi palitoka hewa ya moto, ikaingia, ikatoka tena.

"Kumbe kilichomo nimekiachia mlango," alisema, akitoa bisibisi. "Nauziba sasa hivi."

"Subiri kwanza. Mlango haufungwi kabla hujajua nani yuko ndani."

Lakini hofu haina masikio. Fundi alifungua skrubu, akainua madabodi, akakitoa kibati mfukoni, akakisukuma kwa ndani mpaka pembe zote zikalia ka, akairudisha madabodi huku vidole vinateleza kwa jasho na kitu kikimgusagusa viganja kama mtu anayeomba asiachwe, naye akazidi kusukuma na kukaza, bismillahi moja baada ya nyingine, mpaka kila tundu likakaa mahali pake na kifuniko kikafunga.

Pumzi ikakoma. Harufu ikakatika.

"Mama," Kasuku akasema, "nina njaa."

Dada mtu aliangua kilio, akamkumbatia mwanawe. Fundi naye machozi yalimtoka, akacheka, akajiita mjinga, akainama kuokota bisibisi.

Hapo ndipo aliposikia kisauti chembamba, cha harakaharaka, kikipenya kwenye matundu ya kibati.

"Mjomba? Mjomba, mbona umezima taa? Mbona umenisukuma? Mjomba, nani huyo mama anamkumbatia?"

Fundi akainua macho polepole. Dada yake alikuwa amempa mgongo, anambembeleza mtoto, hajasikia kitu. Juu ya bega lake ule uso wa Kasuku ulikuwa ukimtazama, na mikono midogo ilikuwa imekumbatia shingo ya mama, ikiendelea kukaza.

"Umefunga vizuri, fundi," ulisema. "Weka bisibisi chini."

Kasuku hakuwahi kumwita fundi, ila mjomba.