Hodi ya Tatu

Alasiri hiyo Mama aliitikia "Karibu!" wakati hakuna mtu aliyekuwa amebisha.

Tuelewane mapema: kuitikia hodi si kosa. Mtu aliyelelewa akaleleka, hata ukimshtua usingizini kwa hodi, atasema karibu. Mdomo unatangulia, akili inafuata baadaye ikihema. Na Mama huyu alikuwa wa kukaribisha hata wauza sabuni. Kiharusi kilikuwa kimemlaza mwaka wa pili sasa, upande wa kushoto wote umekufa ganzi, lakini masikio yake yalikuwa mazima na adabu yake ilikuwa nzima zaidi. Binti yake, aliyekuwa kazini chumba cha pili, ng'ambo ya ukuta wa mbao, alivua hedifoni akasikiliza. Nje kimya. Akachungulia dirishani, getini hakuna mtu.

"Mama, unaongea na nani?"

"Si na mgeni huyu! Njoo umsalimie basi, mtoto gani wewe?"

Binti alikuwa fundi wa sauti, na kila mtu alimwita Fundi hivyo hivyo tu. Bendi zikisharekodi zilimletea mafaili yao, naye akayasafisha, akayachanganya, akayapanga mpaka yakawa albamu. Lakini msifikiri ni nyimbo za mapenzi. Fundi alikuwa mtu wa muziki wa metali, tena ile metali ya chini kwa chini isiyopigwa redioni na isiyoalikwa harusini: ngoma zinamwagika kama kokoto juu ya bati, magitaa yamelegezwa nyuzi mpaka yananguruma, na mwimbaji haimbi, anakoroma kutoka tumboni. Zamani aliupenda muziki huo kufa. Siku hizi aliupenda kama mtu anavyompenda mume wa miaka thelathini, yaani alijua yupo.

Na msimu wa kutoa albamu ulikuwa umepamba moto. Bendi ya Shoka Butu walitaka yao iwe sokoni kabla ya Mifupa Mibichi, Mifupa Mibichi wakasema heri wafe kuliko kutanguliwa na Jeneza la Plastiki, na wote walimpigia simu wakisema, "Dada Fundi, ni kamarekebisho kadogo tu." Mimi nimeishi, na sijawahi kuona kamarekebisho kadogo. Kati ya kazi hizo kulikuwa na kumgeuza Mama, kumwosha, kumlisha, kumpa dawa, kubadilisha mashuka. Fundi alikuwa amechoka mpaka uchovu wenyewe ukamzoea.

Waliommaliza kabisa walikuwa bendi ya Kutu. Albamu yao ilikuwa itoke Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kava zilishachapishwa, mashabiki walishaanza kutukanana mitandaoni juu ya albamu ambayo hakuna aliyeisikia. Ndani yake kulikuwa na wimbo mmoja, "Hodi", wa marehemu anayerudi kwake akakuta wenyewe wamenyamaza. Katikati ya wimbo kila kitu kinakatika, ngoma, magitaa, yote. Kisha ile sauti ya mkoromo: "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Kisha hodi ya tatu, nzito kuliko zile mbili, ya karibu mno, utadhani mwimbaji ameingiza mdomo sikioni mwako. Fundi aliposikia hiyo ya tatu nywele zilimsimama, akasema, haya sasa, hii ndiyo albamu. Akaishughulikia kwa wiki nzima. Aliitoa vumbi, akaiinua, akaipa uzito, akairudia, akairudia tena, na kwa kuwa hedifoni zilikuwa zimemchubua masikio, aliirudia kwa spika kubwa.

Kila ilipolia, upande wa pili wa ukuta Mama aliitika. "Karibu! Pita tu, mlango uko wazi!"

"Ni kazi, Mama!" Fundi alipaza sauti akicheka. Baadaye akaacha kucheka. Baadaye akaacha hata kujibu.

Ndiyo maana alasiri ile alishangaa. Wimbo ule haukuwa umepigwa tangu jana yake. Alikuwa na ngoma za Mifupa Mibichi, tena kwenye hedifoni. Aliingia chumbani kwa Mama akakuta kiti kilichokaa siku zote ukutani kimesogezwa, kimetazamana na kitanda. Na palikuwa na harufu. Alihangaika nayo kidogo kabla ya kuitambua: ilikuwa harufu ya nyuzi kuukuu za gitaa, kutu iliyolowana na jasho la vidole. Mle chumbani halikuwahi kuingia gitaa.

"Nani kasogeza kiti?"

"Ulitaka akae wapi, sakafuni?" Mama alisema, macho yanang'aa.

Fundi aliwaza, kichwa hicho, kiharusi cha pili kinapiga hodi, akaliogopa hata neno hilo alilowaza. Akarudisha kiti ukutani. Lakini siku zilizofuata alimsikia Mama akipiga soga na kucheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau, na, Mungu amsamehe, moyoni alipata nafuu. Angalau kuna anayekaa kitako na Mama. Yeye binti mwenyewe hakuwa na muda huo.

Kisha sauti ya Mama ikaanza kupungua. Kwanza ilikuwa kama mafua. Halafu ikawa mnong'ono, halafu akiomba maji unaona midomo tu. Soga za ng'ambo ya ukuta nazo zikapungua. Alasiri moja Fundi akamsikia Mama akisimulia siku ya harusi yake, kwa sauti nzima, ya nguvu, ile sauti ya zamani ya kuita watoto kutoka mtaa wa tatu, akatupa hedifoni, akakimbia kwa furaha akisema Mama kapona, Mama wangu kapona, akasukuma mlango, na akamkuta Mama amelala chali, midomo imefungwa, machozi yanamtiririka kuelekea masikioni, macho ameyakodoa kwenye kiti kitupu kilichorudi pale pale mbele ya kitanda, na kutoka kwenye kiti hicho sauti ya Mama inaendelea kusimulia harusi, bila haraka, na ilipofika pa kucheka ikacheka.

Fundi alirudi nyuma nyuma mpaka ukumbini, akampigia simu Koo.

Koo ndiye mwimbaji wa Kutu. Ukimsikia kwenye kanda utadhani anakula watu. Mchana anashona sare za shule, na ni mpole wa kutia huruma. Alifika na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Akasimama mlangoni, akakohoa, akafungua mdomo, "Ho—"

Fundi alimrukia akamziba mdomo kwa kiganja. "Usithubutu!"

Alimweleza yote kwa kunong'ona, kisha akampeleka chumba cha kazi, akamvisha hedifoni, akampigia pale penye zile hodi. Koo alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, hii ya tatu ni ya nani?"

"Ya nani tena? Ni yako."

"Mimi niliita mara mbili."

"Koo, usinichezee, nimechoka."

"Haki ya Mungu, mbili. Mtu akibisha mara tatu asijibiwe, si anarudi zake? Mimi maiti wangu sikutaka arudi zake. Nilitaka abaki pale pale mlangoni. Ndiyo maana nikaishia mbili." Alivua hedifoni taratibu. "Na tulirekodi kwenye lile ghala bovu, kwa ajili ya mwangwi. Tulikuwa sisi tu."

Koo ndiye aliyemleta mganga, mume wa shangazi yake. Kama mlitarajia mtu wa ngoma na mikia ya wanyama, poleni. Alikuwa mzee wa makamo mwenye magoti mabovu, anamung'unya pipi ya mnanaa, na alivua viatu kwa taabu akilalamika. Aliingia kwa Mama, akanusa, akakitazama kiti, akaketi sakafuni.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Ninyi mliacha hodi haijakamilika, akaimalizia yeye, na mwenye nyumba akamwitikia. Tena mara ngapi?"

Fundi alikumbuka: wiki nzima, kwa spika kubwa.

"Anayeingia kwa nguvu namtoa kwa nguvu. Aliyekaribishwa ni mgeni, na mgeni hafukuzwi, mgeni huaga. Mwondoleeni kilichomleta, ataaga mwenyewe. Futeni huo wimbo, wote, usibaki hata kwenye simu. Mkichelewa, akimaliza sauti ataanza na pumzi."

Koo alishika kichwa. Ulikuwa wimbo bora wa maisha yake, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa. "Kava zimeshachapishwa," alisema, hata yeye mwenyewe akaona aibu. Alimtazama Mama pale kitandani, kifua kikipanda kwa shida, kisha akaenda kwenye mashine akaufuta kwa mkono wake, akafuta nakala, akawapigia wenzake mmoja mmoja, wakamtukana, wakafuta.

"Sasa nisikilizeni," mganga alisema. "Hawezi kuaga kwa sauti ya kuazima. Atamrudishia Mama sauti yake ili ajibiwe. Hapo Mama aseme, 'Haya, kwaheri.' Basi. Asije akathubutu kusema, 'Mbona mapema?'"

Walitazamana. Maana ni nani kati yetu aliyewahi kumwacha mgeni aondoke bila kumwambia mbona mapema? Hata yule unayeomba aende, mdomo unamzuia.

Kutwa ya siku iliyofuata Fundi alizima simu zote, Shoka Butu wakapige kelele zao, akakaa kitandani na Mama kama ambavyo hakuwa amekaa kwa miezi. "Mama, mimi ndiye mgeni. Naaga. Unasemaje?" Midomo ya Mama, bila sauti: Mbona mapema? "La, Mama! Kwaheri. Sema kwaheri." Mbona mapema, mwanangu? Fundi alilia, akafuta machozi, wakaanza tena. Walirudia mpaka Mama akaipata, akaipata tena, akaanza hata kumcheka binti yake kwa macho. Ilikuwa siku nzuri, ukiiweka kando sababu yake.

Jua lilipoanza kuinama, ile harufu ya kutu ikaja. Mganga alikuwa sakafuni, Koo ameegemea mlango, Fundi ameushika mkono wa Mama ule mzima. Kiti kikalia, kile kilio cha kiti ambacho aliyekikalia anajiandaa kuinuka. Sauti ya Mama ikasema kutoka kitini, "Haya..." kisha ikakwaruza, ikateremka, ikaendelea kuteremka kama ndoo kisimani, na ilipofika chini kabisa ikawa ile sauti ambayo Fundi aliisafisha mwenyewe kwa wiki nzima, akaipa uzito mwenyewe, na sasa haikuwa kwenye spika, ilikuwa mle mle chumbani, karibu kiasi cha kuhisi joto lake.

"Haya, Mama. Mimi naaga."

Kifua cha Mama kikainuka. Alimgeukia binti yake. Midomo ikaanza kujikunja kwa lile neno la zamani, na Fundi akambana mkono, nusura auvunje.

"Haya," Mama akasema. Sauti yake, nzima, ya kuita watoto kutoka mtaa wa tatu. "Kwaheri."

Koo alichuchumaa akajishika uso. Mganga akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi, kwisha." Fundi alicheka na kulia, akaubusu mkono wa mama yake, akaubusu tena, na alikuwa bado ameinama hapo Mama aliposema kwa ukunjufu, kama mwenyeji yeyote mwenye adabu zake:

"Ngoja basi nikusindikize. Hata hapo getini tu."

"Mama, hapana!" Fundi alipiga ukelele. Mganga alijaribu kuinuka, magoti yakakataa.

Mwili wa Mama haukutikisika pale kitandani, ila mkono uliokuwa mkononi mwa Fundi ukawa mzito ghafla. Na ukumbini zikasikika kandambili, miguu yote miwili, hata ule wa kushoto, zikienda taratibu kando ya hatua nyingine nzito, na sauti ya Mama ikimwambia mgeni aangalie hicho kizingiti, kimebomoka, na asante kwa kuja, mtu mpweke kutembelewa ni jambo kubwa. Mlango wa mbele ukafunguka. Kandambili zikavuka ua. Kisha kutoka mbali, getini, au mbali kuliko geti:

"Mwanangu! Usifunge mlango. Narudi sasa hivi."

"Funga," mganga alinong'ona. "Kimbia ukafunge, binti. Atakayerudi hatakuwa yeye."

Fundi alimfumba Mama macho. Akatoka ukumbini akiburuta miguu kwa uchovu, akafika mlangoni, akashika komeo. Nje kulikuwa kunaingia giza na hapakuonekana mtu. Alisimama hapo kwa kitambo, Koo akimsihi nyuma yake, "Dada, tafadhali." Kisha akaliachia komeo, akauacha mlango wazi kama ulivyo, akaenda jikoni kumwekea mama yake chai.