Moshi Uliolinda Mahindi

Mahindi ya Nyakerario hayakuwahi kuliwa na fukusi, na pale Nyamache sifa hizo zilijulikana. Siri yake ilikuwa moshi. Aliyapanga mahindi kwenye dari ya fito juu ya meko, kisha akaziba dirisha la jikoni kwa gunia na majani ya migomba ili moshi usipotee bure. Majirani walisifu mahindi. Kikohozi chake hawakukiulizia, kwani mama anayepika hukohoa, ndivyo watu walivyozoea.

Mwenyewe alisema ni baridi. Kikohozi kilikuja na mvua, kikaondoka. Kikarudi tena. Miaka ikapita, kikaacha kuondoka. Akichuma majani chai alisimama kila mara akihema.

Sasa mjukuu wake Mokeira, wa gredi ya kwanza, naye alianza kukohoa. Mtoto huyu hakubanduka jikoni kwa nyanya yake. Asubuhi moja kifua cha mtoto kikatoa sauti kama filimbi. Nyakerario aliogopa sana. Kifua chake mwenyewe alikipuuza apendavyo, lakini cha Mokeira hakuweza. Wakaenda zahanati.

Muuguzi, Sheryl, alitoka pande za ziwani na hakujua Kikisii, kwa hiyo waliongea Kiswahili. Aliwapima wote wawili.

"Daktari, mimi niache, angalia mtoto," Nyakerario alisema. "Yangu ni baridi tu."

"Baridi gani hiyo inakaa miaka, mama? Unapikia nini?"

"Kuni."

"Na jikoni kuna dirisha?"

"Iko, lakini nimeziba. Moshi inachunga mahindi, wadudu haiingii."

Sheryl hakumcheka. "Ukiwa kwa huo moshi, macho yanakuwaje?"

"Inakuwa nyekundu. Inatoa maji."

"Basi njia za hewa kifuani zinafanya hivyo hivyo, ila wewe huzioni. Zinavimba, zinajaa makohozi. Ukikaa mbali na moshi uvimbe unashuka. Lakini wewe unarudi jikoni kabla haujashuka. Kesho tena, na kesho kutwa. Mwishowe kuta za hizo njia zinakuwa nene na hewa inapita kwa shida, hata siku hujawasha moto."

"Itapona?"

Sheryl alimtazama kwa huruma. "Yako haitarudi kama zamani, mama. Dawa ya kuvuta itakusaidia, na ukiepuka moshi haitazidi haraka. Ya huyu mtoto imeanza tu. Mkimtoa kwa moshi sasa, inaweza kupona."

Nyakerario alimvuta mjukuu wake karibu. Yeye ndiye aliyempa Mokeira kigoda karibu na meko kila jioni. Ilimuuma kuliko habari za kifua chake.

Nyumbani alimweleza mumewe, Ratemo. Mzee akakuna kichwa.

"Tukifungua dirisha, mahindi itaisha. Tutakula nini?"

"Na tukiziba, mtoto ataishi na kifua kama yangu. Nenda uliza huko agroveti. Watu wengine wanaweka mahindi aje?"

Ratemo alirudi kutoka duka hilo la pembejeo na mifuko isiyopitisha hewa, ambamo fukusi hufa kwa kukosa pumzi. Waliyaanika mahindi juani mpaka punje zikawa ngumu kabisa, wakayapukuchua, wakayafunga kwa kukaza. Gunia la dirishani likatolewa, na dirisha likapanuliwa. Mokeira akakatazwa kuingia jikoni moto ukiwaka. Alinuna, akazoea.

Miezi kadhaa baadaye, walipofungua mfuko wa kwanza, hawakuona fukusi hata mmoja. Kifua cha Mokeira kilikuwa kimya, naye alikimbia kwenda shule bila kukohoa. Nyakerario alivuta dawa yake kama alivyoagizwa. Usiku alilala vizuri zaidi, ingawa akipanda kilima bado alihema.

Siku moja alipita kwa jirani yao, Nyamoita. Alimkuta akipika katika moshi mzito, mtoto mchanga amefungwa mgongoni. Nyakerario hakungoja kukaribishwa.

"Nipe huyo mtoto, nimkalishe nje. Na ufungue dirisha."

"Moshi kidogo tu, magokoro," Nyamoita alicheka, akimwita nyanya kwa Kikisii. "Si hata wewe umepika hivi miaka yote?"

"Ndiyo nimepika. Skiza vile napumua."

Nyamoita akasikiliza pumzi zake zikikwaruza. Kicheko kikafifia usoni mwake. Akafungua mbeleko, akampa mtoto.