Altaneta ya Nne

Jumatano ni siku ya kuosha viti. Mama Viti alikuwa uani, brashi mkononi, povu mpaka kwenye viwiko. Viti mia mbili vya plastiki havijioshi vyenyewe. Yeye na mumewe wanakodisha viti kwenye sherehe, na vyote vinabebwa na pikapu yao kuukuu. Wanaiita Shangazi, kwa sababu kila sherehe yumo na kila safari analalamika.

Siku hiyo Shangazi alirudi akivutwa kwa kamba.

"Usiniambie," alisema Mama Viti.

"Basi sikuambii," alijibu mumewe akishuka.

"Altaneta tena?"

"Altaneta tena. Taa nyekundu ya betri iliwaka. Betri ikaisha, gari likazima katikati ya njia panda."

Mama Viti aliketi juu ya kiti chenye povu. Altaneta ndiyo inayotengeneza umeme injini ikiwaka, na kuijaza betri. Ya kwanza ilikufa kwa uzee, hakuna aliyeilaumu. Ya pili na ya tatu zilikuwa mpya, lakini hazikumaliza hata mwezi.

Na Jumamosi kulikuwa na mahafali ya shule. Mara ya mwisho walichelewa, wazazi wakasimama wima kama nguzo za umeme. Mwalimu mkuu hakufoka. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliotisha: "Mkichelewa tena, nitatafuta wengine." Na shule ndiyo mteja wao mkubwa.

"Safari hii tumwite jirani," alisema Mama Viti.

"Yule fundi umeme wa magari? Ah! Kufunga altaneta naijua. Bolti, mkanda, waya, kwisha."

"Kufunga unajua. Mbona hazikai?"

Baba Viti akaenda kumwita jirani.

Alhamisi jirani alikuja na boksi lake la vifaa. Ni mama mcheshi, miwani yake ameifunga kwa kipande cha waya. Akavuta kiti.

"Funga, shemeji. Mimi natazama tu."

Baba Viti akafunga altaneta ya nne, vizuri kabisa, akarudisha na betri iliyochajiwa usiku kucha. Akawasha gari. Shangazi akanguruma. Kisha, kwa mbwembwe zote, Baba Viti akachukua spana namba kumi, akainamia betri.

"Wee! Unafanya nini?" jirani aliruka kutoka kitini.

"Naipima. Nachomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka. Gari lisipozima, altaneta ni nzima. Marehemu mjomba ndiye aliyenifundisha."

"Weka spana chini! Na zile mbili ulizipima hivyohivyo?"

"Kila asubuhi," alidakia Mama Viti. "Kama mpishi anayeonja mchuzi."

Jirani akazima injini. Akaomba altaneta mbili zilizokufa, akazifungua palepale.

"Mnaona vidude hivi vidogo? Vinaitwa daiodi. Vimeungua. Tazama na hii. Vilevile."

"Nani kaviunguza?"

"Spana yako, shemeji."

Mama Viti akafunika mdomo asicheke. Hakufanikiwa.

"Sikiliza," jirani aliendelea. "Bomba limefunguliwa, maji yanaingia kwenye pipa. Mara mtu analinyakua pipa. Maji yataenda wapi?"

"Yatanirukia mimi."

"Ehe! Betri ndiyo pipa. Ukiichomoa injini ikiwaka, umeme unapanda ghafla, hauna pa kutulia. Unaunguza daiodi. Hata redio inaweza kuungua."

"Lakini mjomba alipima hivyo maisha yake yote!"

"Mjomba alikuwa na bahati. Bahati si kipimo. Kipimo ni hiki."

Akatoa mita ndogo, akagusisha waya zake kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa, ilisoma volti kumi na mbili na nusu na ushee. Wakawasha gari. Ikapanda mpaka kumi na nne na kidogo.

"Hapo inachaji. Ikibaki kumi na mbili injini ikiwaka, haichaji. Ikipita kumi na tano, inazidisha. Na siku ukitaka kutoa betri, zima injini kwanza. Anza na waya wa hasi."

Akazima gari. Akamwonyesha kusafisha ule ungaunga mweupe kwenye vichwa vya betri. Akaubonyeza mkanda unaozungusha altaneta kwa kidole gumba. "Ubonyee kidogo tu. Ukilegea unateleza. Ukiukaza mno, beringi zinakufa."

Jumamosi, mwalimu mkuu alipofika, viti mia mbili vilikuwa vimejipanga kama wanafunzi wa mstarini. Akakalia kimoja, akanyoosha miguu.

"Na mwakani mje," alisema.

Mama Viti hajamaliza kushukuru, akasikia kelele. Dereva wa gari la muziki alikuwa ameinamia betri, injini inawaka, spana mkononi. Baba Viti aliruka safu mbili za viti.

"Acha! Bomba liko wazi na wewe unanyakua pipa?"

Dereva aliduwaa, akatafuta bomba kwa macho. Baba Viti alikwishatoa mita yake mpya mfukoni, anaeleza kwa mikono miwili. Watu wakaanza kumzunguka.

"Kumbe mumeo naye ni mwalimu?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Ndiyo, mwalimu," alisema Mama Viti. "Ameanza Alhamisi."