Kiganja Kwenye Kioo cha Tinti

Rafiki yetu mmoja, fundi cherehani, alibishana sana na mumewe kuhusu kuweka tinti, ile karatasi nyeusi, kwenye vioo vya gari lao walilosafiri na kulala ndani yake. Mume alisema jua halitawachoma, wala hakuna atakayewachungulia.

"Na sisi tutamwonaje anayekuja?" mke aliuliza. Mume akacheka tu, tinti ikabandikwa.

Jioni moja, wameegesha nje ya mji, mke akasikia kiganja kikisugua kioo polepole. Alipotaka kufungua dirisha, mume akamshika mkono.

"Acha, mke wangu. Huyo anatufuata tangu tuoane. Sikutaka umwone."

"Miaka yote hii ulinificha?"

Mume akawasha gari, akakanyaga mafuta. Mwendo ukapanda, upepo ukavuma, na kile kiganja kikaendelea kusugua kioo, taratibu, upande aliokaa mke.