Kiitaliano cha Flavia

Kila jioni, akishawakatia ng'ombe majani, Flavia alikwenda kwa baba yake mdogo, Kornel. Kornel aliwahi kuwapikia mafundi Waitaliano waliojenga barabara, nao walipoondoka walimwachia gramafoni na santuri za nyimbo za vijana wa kwao. Flavia alizisikiliza, akauliza maana, akakariri: *amore* ni upendo, *cuore* ni moyo, *luna* ni mwezi. Shuleni alitamba kwamba anajua Kiitaliano.

Jumamosi moja alimsindikiza bibi yake, Anyesi, kwenye zahanati ya misheni. Muuguzi, Sista Lusia, alikuwa amefika karibuni kutoka Italia, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Ebenezeri, mganga msaidizi aliyemtafsiria, alikuwa ameteremka Moshi kuchukua dawa.

"Flavia anajua Kiitaliano," alisema Valeria, waliyesoma naye darasa moja. Foleni nzima ikageuka kumtazama.

"Mwambie tumbo linanikata tangu jana," bibi alisema.

Flavia alilitafuta neno la tumbo asilipate. Katika nyimbo zote hakuna aliyeimba tumbo. Akaona haya kunyamaza mbele ya watu.

"*Cuore*," akasema.

Sista alishtuka. Alimlaza bibi, akamsikiliza kifua, akauliza maneno mengi upesi upesi. Flavia akawa anaitikia tu kwa kichwa. Sista akaanza kuandaa sindano.

"Kumbe tumbo hutibiwa kifuani," bibi alisema kwa upole. "Haya, ninyi mliosoma ndio mnaojua."

Uso wa Flavia uliwaka moto. Alimshika Sista mkono, akatikisa kichwa, akaliwekea kiganja tumbo la bibi. Kisha akasema kwa Kiswahili, wote wakisikia, "Nimedanganya. Sijui Kiitaliano. Nimemwambia ni moyo."

Mtu mmoja akacheka. Valeria akainamisha macho. Sista akaiweka sindano chini.

Ebenezeri aliporudi, bibi alipewa dawa ya tumbo, na maumivu yakaanza kupungua. Flavia alikuwa amejificha nyuma ya zahanati, analia. Ebenezeri akamfuata huko.

"Sindano ile ingeweza kumdhuru bibi yako," alimwambia.

"Niliona aibu kusema sijui."

"Aibu ya kusema sijui hupita, mwanangu. Uongo kwa mgonjwa unaweza kuua. Umefanya vyema kusema kweli mapema, lakini siku nyingine anza nayo. Sasa nenda kamwombe bibi yako radhi."

Flavia alimkuta bibi ameketi kwenye benchi. Akapiga magoti, akamwomba radhi.

"Nimekusikia," bibi alisema, akamnyooshea mkono. "Niinue twende nyumbani."