Gauni Lililozidi Kupwaya

Chumba cha mbele cha nyumba ile kina kazi mbili. Upande wa dirishani mama anashona nguo. Upande wa mlangoni baba anashona viatu. Katikati kuna kioo kirefu, na mbele ya kioo hicho binti yao alisimama kila Jumamosi.

Jina lake la utani ni Cheko. Akicheka, wateja walioko nje hucheka pia kabla hawajajua kuna nini. Ndiyo maana hata mama yake huitwa Mama Cheko.

Mama Cheko ni fundi haswa. Akimaliza gauni jipya, Cheko alilivaa, mama akampiga picha, kisha akaiweka mtandaoni. Watu walizipenda picha hizo. Wateja wakaongezeka. Mama alisoma maoni yao kwa sauti huku cherehani ikinguruma.

"Sikia huyu! Anasema rangi imetulia. Na huyu anauliza tuko wapi!"

Maoni mabaya aliyaruka. "Hao hawana kazi," alisema.

Lakini Cheko naye alikuwa na simu. Yale ambayo mama aliyaruka, yeye aliyasoma. Mtu mmoja aliandika kwamba gauni ni zuri, tatizo ni tumbo lililomo ndani yake. Wengine wakaweka nyuso za kucheka. Cheko aliyasoma asubuhi. Akayasoma tena aliporudi kutoka shuleni. Polepole akawa kimya. Chakula alikigusagusa tu, kisha akasema ameshiba.

Jumamosi moja alivaa gauni la kijani. Lilipwaya kiunoni.

"Hee! Nimekosea kipimo?" mama alishangaa. Akalipunguza.

Jumamosi iliyofuata lilipwaya tena. Mama akalaumu kitambaa. "Vitambaa vya siku hizi vinalegea hovyo." Akanunua tepu mpya ya kupimia.

Baba alitoa misumari mdomoni. "Labda ni macho, mke wangu. Umri umekwenda."

"Macho yangu mazima. Wewe angalia visigino vyako."

Ndivyo mafundi walivyo. Nguo isipomkaa mtu, wanatafuta kosa kwenye nguo. Wote wawili walilitazama gauni. Hakuna aliyemtazama aliyelivaa.

Mama alikuwa ameinama na pini zake ili alipunguze tena, jirani yao alipoingia. Jirani huyo ni nesi katika kituo cha afya. Alikuja kuchukua sare yake. Aliutazama uso wa Cheko kwenye kioo, akaacha kutabasamu.

"Mama Cheko, tepu yako haina kosa," alisema. "Anayepungua ni mtoto."

Pini zikamwagika sakafuni.

Nesi akamgeukia Cheko. "Mwanangu, kuna jambo linakusumbua?"

Cheko alitikisa kichwa. Kisha akaitazama simu ya mama juu ya cherehani, na machozi yakamtoka.

"Anti, wanasema tumbo langu linaharibu nguo za mama. Sikutaka nimharibie kazi yake."

Ilihitaji moyo kuyasema hayo mbele ya wazazi, na Cheko aliyasema.

Baba alisimama na nyundo. "Nipe hiyo simu yako! Leo naisaga!"

"Weka nyundo chini, shemeji," nesi alisema. "Ukimnyang'anya simu leo, kesho akiumizwa atakuficha. Ataogopa kunyang'anywa tena."

"Sasa tufanye nini?" mama aliuliza.

Nesi alivuta kigoda cha baba, akaketi. "Kwanza, hizo picha ni za Cheko. Aulizwe kabla hazijawekwa. Akikataa, basi. Pili, maoni yanaweza kufungwa. Anayetukana, yapigeni picha maneno yake, muwe na ushahidi, kisha mripotini na kumzuia."

"Nifute kila kitu?" Cheko aliuliza. "Huko mtandaoni ndiko ninakojifunza kuchora mitindo."

"Usifute. Wanaokufundisha, endelea nao. Lakini ukimaliza kutazama, jiulize unajisikiaje. Ukurasa unaokufanya uuchukie mwili wako, achana nao. Tena wakati wa kula na kulala, simu zote zikae kando. Za wazazi pia."

"Hata wakati wa mpira?" baba aliuliza.

"Hata wakati wa mpira, shemeji."

Kisha nesi akamshika Cheko mkono. "Kesho njoo na mama kituoni. Kujinyima chakula namna hii si utundu. Ni jambo linalotibika, na ukiwahi ni rahisi zaidi."

Mama alimkumbatia binti yake. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa naangalia gauni tu."

Siku hiyo hiyo walikaa pamoja. Cheko alichagua picha za kufutwa, mama akazifuta na kufunga maoni. Baba alitengeneza sanamu ya kuvalisha nguo kwa mbao na matambara. Bega moja lilishuka, lakini magauni yalionekana. Cheko sasa ndiye aliyepiga picha. Wateja hawakupungua, maana walichotaka ni nguo.

Mambo hayakunyooka mara moja. Walikwenda kituoni tena na tena. Kuna siku Cheko alisukuma sahani. Mama hakumfokea. Alikaa naye, wakazungumza, hadi akala kidogo. Nawaheshimu sana hawa watu. Subira ya namna hiyo ni ngumu kuliko kushona suti.

Jumamosi moja Cheko alilitoa lile gauni la kijani kwenye sanamu. Akalivaa mwenyewe, akasimama mbele ya kioo.

"Mama, limenibana."

Mama aliacha cherehani, uzi ukining'inia. Alipolipunguza gauni lile hakukata kitambaa, alikikunja tu kwa ndani. Sasa alifumua mshono mmoja mmoja, macho yamejaa machozi.

"Vuta pumzi," alisema. "Sasa je?"

"Bado linabana."

"Si nilisema ni macho?" baba alidakia. "Hata kupima hawezi tena!"

Cheko akacheka. Na pale nje, mteja mmoja akaanza kucheka naye, bila kujua kuna nini.